UZI: Redio ya wilayani ikiuzwa, saa za jioni zinabaki mikononi mwa nani?

Mnara wa West Nile (mleta uzi)

Minong'ono ya redio kuuzwa huku wilayani Uganda haiishi. Leo utasikia Arua, kesho Lira, keshokutwa Kasese. Kila inapozuka watu huulizana kitu kimoja: nani kanunua? Mbunge, kanisa, au tajiri wa Kampala? Wana haki ya kuuliza. Lakini mimi nimekaa studio, na nimezunguka madukani nikitafuta matangazo, kwa muda wa kutosha kujua kwamba jina la mnunuzi halikuambii kila kitu. La kuuliza siku ya kwanza ni hili: kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku, nani atakuwa anaongea kwenye masafa yale, kwa lugha gani, na ameketi wapi?

Nataja saa za jioni kwa sababu ndizo saa ambazo mkulima amerudi kutoka shambani, redio iko uani, na matangazo ya vifo yanasomwa. Msiba ukitokea Koboko na mjomba wa marehemu yuko Nebbi, tangazo lenye jina, ukoo, kijiji na saa ya mazishi ndilo linalowafikisha watu matangani. WhatsApp ipo, najua. Mjomba mwenyewe ana kitochi kisichojua bando ni nini.

Kwa vijana ambao hawakuona mambo yalivyoanza: mpaka 1993 nchi hii ilikuwa na Radio Uganda tu. Mwaka ule Sanyu na Capital zikafungua njia Kampala. Mwaka 1996 ikaja CBS ya Buganda na Kiganda chake, na mwaka huohuo sheria ikaunda Baraza la Utangazaji. Baada ya hapo masafa yakasambaa: Endigyito na Radio West kule Mbarara, Voice of Kigezi Kabale, Voice of Toro Fort Portal, Voice of Teso Soroti, Kiira Jinja, Open Gate Mbale. Gulu wakapata Mega mwaka 2002 kwa fedha za serikali ya Uingereza. Hapa kwetu Radio Pacis ya dayosisi ilianza 2004, na 2007 BBC ikaitunuku kama kituo kipya bora Afrika. Leo nchi ina vituo vya FM zaidi ya 200, na vingi viko nje ya Kampala.

Wengi walioanzisha vituo hivi walikuwa wafanyabiashara, viongozi wa dini na wanasiasa. Mwanasiasa alitaka kipaza sauti cha kampeni. Uchaguzi ukipita, mtambo unabaki na bili ya dizeli, fundi anadai, watangazaji wanadai, na mwenye mali anaanza kutafuta mtu wa kumtua mzigo. Hapo ndipo mauzo huanzia.

Baada ya mauzo mambo huenda kwa utaratibu ambao nimeuona kwa macho yangu kwenye kituo kimoja cha ukanda huu, nisichotaka kukitaja. Kwanza mnunuzi anaahidi kwamba hakuna kitakachobadilika. Kisha nembo inabadilishwa na muziki wa utambulisho unakuja mpya kutoka Kampala. Kisha mwandishi wa habari wa wilaya jirani anaambiwa atalipwa kwa habari moja moja badala ya mshahara, naye anaacha kwenda mahakamani na kwenye vikao vya halmashauri, maana nauli ya boda inazidi malipo. Kisha kipindi cha usiku kinafungwa, mahali pake panakuja sauti inayotoka mji mwingine. Mwisho kabisa jioni yenyewe inaondoka. Matangazo ya vifo yanahamishiwa saa tano asubuhi, wakati watu wako shambani.

Sasa nisieleweke kwamba nachukia vipindi vinavyotengenezwa kwingine. Tumelelewa navyo. Nani hapa hajakaa na mzee wake jioni kituo kikijiunga na London kwa Dira ya Dunia, au na Ujerumani kwa DW? Kwa sisi tunaozungumza Kiswahili West Nile, saa ile ilikutanisha Mlugbara, Mualuri, Mkakwa, Mmadi na Mnubi mbele ya redio moja bila mmoja kujiona mgeni. Straight Talk, shirika la afya ya vijana, walianza kipindi chao cha vijana 1999, na walipokipanua hawakutengeneza kimoja wakakisukuma nchi nzima. Walikaa na vijana wa kila eneo, wakarekodi kwa lugha ya eneo, kisha kanda na sidii zikapelekwa kituoni. DW nao walileta Noa Bongo, michezo ya redio ya kuelimisha vijana, mwaka 2008. Na Uganda Radio Network inauzia vituo habari zilizoandikwa na waandishi waliosambaa wilayani, pamoja na sauti za wahusika, kiasi kwamba kituo kidogo cha Adjumani kinaweza kusoma habari ya Kisoro bila kumtuma mtu huko.

Vyote hivyo ni vipindi vya kuletewa, na hakuna hata kimoja kilichoua redio ya wilaya. Kituo chenyewe ndicho kilichochagua saa. Kilikipokea kipindi cha nusu saa, kikakiweka kinapofaa, kisha kikarudi kwa watu wake. Kinachoua ni mwenye mtandao wa minara kuamua kwamba mtangazaji mmoja wa Kampala atahudumia miji minne kwa wakati mmoja, kwa sababu mshahara mmoja ni nafuu kuliko minne. Kituo kinageuka bomba la kupitishia sauti ya mjini. Leseni inaendelea kusema Arua, na maneno yote yanatoka kwingine.

Naomba michango, hasa ya waliowahi kushika mitambo.

Fundi wa Lira

Asante kwa uzi huu, ndugu. Niongeze upande wa mitambo, maana watu wengi hawaelewi jinsi ilivyo rahisi.

Zamani ili kupokea kipindi kutoka nje ulihitaji dishi la satelaiti, kipokezi na mtu wa kuunganisha kwa wakati. Vingine vilikuja kwa basi, bahasha imeandikwa jina la kituo. Leo unahitaji intaneti inayotulia na kompyuta moja yenye ratiba. Kompyuta inajua saa mbili usiku ijiunge na Kampala, saa mbili na dakika ishirini icheze matangazo ya hapa, kisha irudi. Mtangazaji wa Kampala anaweza hata kurekodi maneno mafupi kwa kila mji, "habari zenu watu wa Lira", akaondoka zake, na msikilizaji akaamini yuko hapahapa. Kituo kinakesha na askari wa getini tu.

Ubaya wake uko hapa: kikitokea cha kutokea, hakuna wa kuivunja ratiba. Sisi wa kaskazini hatusimulii hili kwa kusikia. Wakati wa vita vya waasi wa LRA Mega ilikuwa na Dwog Cen Paco, kipindi cha kuwaita watoto waliotekwa na wapiganaji warudi nyumbani. Waliorudi wenyewe waliingia studio, wakataja majina yao, wakawaambia wenzao walioko porini kwamba hawakuuawa. Wale waliokuwa vichakani walisikiliza. Radio Wa hapa Lira ilikuwa inafanya kazi kama hiyo, na Septemba 2002 waasi walikuja wakaichoma. Hawakuichoma kwa sababu ya muziki wake. Mwaka uliofuata waasi walipoingia Teso, Kyoga Veritas ya Soroti ikatangaza mashambulizi, na serikali ndiyo iliyoifunga.

Kipindi cha namna ile hakitengenezeki Kampala. Mama mwenye mwana porini alitaka kusikia lafudhi ya kijiji chake.

Meneja Mstaafu, Mbarara

Mleta uzi, umeandika vizuri, lakini upande wa hesabu umeupita haraka mno. Nimeendesha kituo. Niruhusu niseme.

Kituo cha wilaya kina mapato ya namna chache tu. Kuna kampuni za simu na vinywaji, ambazo matangazo yake yanagawiwa na mawakala walioko Kampala. Wakala hataki kuandikiana na vituo arobaini. Anataka ankara moja, na mtu mmoja wa kumpigia simu. Mwenye vituo vitano katika kanda tano anapata kazi kabla yako hata kama wasikilizaji wako ni wengi kuliko wa kituo chake kimoja. Kuna wahubiri wanaonunua saa. Kuna mashirika ya afya na kilimo, yanayokuja na mradi na kuondoka mradi ukiisha. Na kulikuwa na serikali: wizara, mamlaka ya kodi, tume mbalimbali. Machi 2023 Rais akaagiza matangazo yote ya serikali yapitie UBC, shirika la utangazaji la serikali. Kwa kituo cha Kampala hilo ni jeraha. Kwa kituo cha wilaya ambacho matangazo ya wizara yalikuwa ndiyo yanalipa dizeli, ni jambo la kufunga au kuuza.

Kwa hiyo mwenye redio akipata mnunuzi, msimwite msaliti. Wengine wameuza ardhi ya ukoo ili mtambo usizimwe.

La pili, si kila mnunuzi wa Kampala ni yule unayemweleza. Vision Group, kampuni ya magazeti na redio, ni ya Kampala, na serikali ina zaidi ya nusu ya hisa zake. Iliichukua Radio West, na leo Radio West bado inaongea Kinyankole na Kikiga. Kundi hilohilo lina Etop kwa Kiteso, Rupiny kwa Kiluo, na Arua One huko kwenu. Magazeti yake ya lugha za kanda, Orumuri, Etop na Rupiny, yalisimamishwa 2020 wakati wa korona. Redio zikabaki. Lugha ikiwa na soko, mwenye mtaji hawezi kuiacha.

Mnara wa West Nile (mleta uzi)

Mzee wangu, nakushukuru kwa kuleta hesabu, na agizo lile la 2023 ulivyolieleza ndivyo lilivyo. Mimi pia simwiti mtu msaliti. Mwenye kuuza anauza kilicho chake.

Mfano wa Radio West naukubali, na kwa kweli unanisaidia. Mnunuzi yule aliona kwamba thamani aliyoinunua iko ndani ya Kinyankole chenyewe. Kinyankole na Kikiga vina mamilioni ya wasemaji na mji wa Mbarara wenye fedha. Je, Kimadi? Kikakwa? Lukonzo? Kinubi? Lugha ya watu laki chache, waliotawanyika, ambao wakala wa Kampala hawaoni kwenye utafiti wake wa wasikilizaji, haina soko la kuilinda. Hapo ndipo sheria inahitajika. Ukisema soko litailinda lugha, umezilinda lugha tano kubwa na umeziacha nyingine zote mlangoni.

Na wenzetu walioendelea katika biashara hii wametuonyesha mwisho wake. Marekani, kabla ya 1996, kampuni moja haikuruhusiwa kupita kikomo cha vituo 40 nchi nzima. Sheria ya mwaka huo ikaondoa kikomo cha kitaifa. Ndani ya miaka michache Clear Channel peke yake ilikuwa na zaidi ya 1,200. Januari 2002 treni ilipinduka karibu na mji wa Minot, jimbo la North Dakota, ikamwaga amonia hewani usiku wa manane. Vituo vyote sita vya biashara vya mji ule vilikuwa vya kampuni hiyo moja. Polisi walipiga simu kituoni, haikupokelewa. Kampuni ilijitetea kwamba polisi wenyewe hawakuwa wameandaa vizuri mtambo wa tahadhari, na huenda kweli lilikuwepo hilo pia. Lakini watu walikuwa gizani wanavuta hewa ya sumu, wamefungua redio, hawaambiwi kitu.

Uingereza ilichukua njia ya polepole zaidi. Mwaka 2018 mdhibiti wao, Ofcom, alipunguza saa ambazo vituo vya miji vinalazimika kutangaza kutoka eneo lao. Kufikia mwisho wa 2019 kampuni ya Global ilikuwa imefuta vipindi vya asubuhi vya miji mingi na kuweka kimoja cha London kwa kila chapa. Mwaka uliofuata kampuni ya Bauer ikabadilisha majina ya vituo vingi vya miji iliyovinunua, vikawa sehemu ya Greatest Hits Radio. Sheria haikuvunjwa popote. Mdhibiti alilegeza, wenye mali wakaingia kwenye mlango uliofunguliwa.

Binti Rwenzori

Kaka, hiyo habari ya amonia imenigusa kwa sababu yetu tunayo. Mei 2020 mto Nyamwamba ulivunja kingo usiku hapa Kasese, ukabeba nyumba, ukaiharibu hospitali ya Kilembe. Nchi ilikuwa imefungwa kwa korona, magari hayatembei. Siku zile tulijua nani yuko salama na wapi pa kukimbilia kwa kusikiliza redio za hapahapa, kwa Lukonzo, kutoka kwa watu wanaojua jina la kila kijiji kilichoko ukingoni. Mtangazaji wa Kampala angesema "mafuriko Kasese". Sisi tulihitaji kusikia daraja lipi limekwenda.

Ninaomba pia mjadili upande wa wanawake. Kipindi cha usiku kikifungwa, anayeondoka kwanza mara nyingi ni dada aliyekuwa anaongoza kipindi cha kina mama, cha afya ya uzazi au cha kuuliza maswali. Huyo hana ajira ya kudumu. Mtangazaji wa michezo na kabumbu la Uingereza anabaki, maana wachezesha kamari wanamdhamini. Vipindi vya mashirika navyo vinafika vimerekodiwa, havipokei simu. Mama mwenye swali analo swali, hana wa kumpigia. Straight Talk mnayoisifu ilifanya kazi vizuri kwa sababu vijana waliandika barua na walijibiwa.

Mwanafunzi wa Sheria, Gulu

Niwaongezee kipande cha sheria ili tusibaki kulalamika. Sheria ya Mawasiliano ya 2013 ndiyo iliyounganisha lile Baraza la Utangazaji na UCC, yaani Tume ya Mawasiliano ya Uganda. Chini yake leseni ya utangazaji haihamishwi kwa mtu mwingine bila kibali cha maandishi cha UCC. Maana yake kuna meza ambayo mauzo lazima yapite, na pale mezani mtoa kibali anaweza kuweka masharti.

Tatizo la kwanza ni kwamba mara nyingi kinachouzwa ni hisa za kampuni, siyo leseni. Jina kwenye leseni linabaki lilelile, wenye hisa wanabadilika, na msikilizaji anakuja kujua miezi baadaye anaposikia muziki mpya. Tatizo la pili ni kwamba historia ya mdhibiti wetu imejaa siasa. Wote mnakumbuka Septemba 2009: CBS, Suubi, Sapientia na Akaboozi zilizimwa ndani ya siku chache za ghasia, na CBS ikakaa kimya mpaka Oktoba 2010. Mijadala ya wazi ya ekimeeza ikapigwa marufuku wakati huohuo. Mwenye redio aliyeona hayo anauogopa ukaguzi wa aina yoyote. Ukimwambia UCC ihesabu saa zake za Kimadi, anasikia kwamba UCC inataka kuhesabu maneno ya wageni wake wa siasa.

Meneja Mstaafu, Mbarara

Mwanangu wa sheria amesema kweli tupu. Mimi ningekubali sharti la saa za lugha kesho asubuhi. Nisingekubali afisa kuingia studio kila wiki akiwa na kalamu.

Mnara wa West Nile (mleta uzi)

Hapo mzee tumekutana, na naomba tuandike maombi tukiwa kwenye mstari huo. Sharti lihusu saa, lugha na mahali, lisihusu maudhui hata kidogo. Yaani mnunuzi akija mezani, aandike kwa mkono wake: saa ngapi kwa siku zitatoka studio iliyo ndani ya eneo la masafa, kwa lugha zipi, na waandishi wangapi wa mshahara watabaki. Karatasi hiyo ibandikwe ofisi ya wilaya na isomwe hewani siku tatu kabla kibali hakijatolewa. Akiivunja, wasikilizaji wana karatasi ya kumshika nayo, hawahitaji afisa yeyote na kalamu. Uuzaji wa hisa nyingi zinazohamisha mamlaka uhesabiwe sawa na kuhamisha leseni.

Na kwa Kiswahili vilevile. Katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, Baraza la Mawaziri likasisitiza tena Julai 2022, lakini kwenye minara ya wilayani saa ya Kiswahili ndiyo ya kwanza kukatwa mtandao mpya unapoingia, kwa hoja kwamba Kiingereza kinatosha. Soko la mpakani kwa Mkongo na Msudani Kusini haliendeshwi kwa Kiingereza.

Tusitegemee nje pia. Machi 2025 Sauti ya Amerika ilinyamaza ghafla kwa amri ya Washington, na vituo vilivyokuwa vikijiunga nayo vikabaki na nafasi tupu kwenye ratiba. Nafasi ile ingeweza kujazwa na kipindi cha Kiswahili kinachotengenezwa kwa kupokezana: wiki moja Arua, wiki nyingine Tororo, nyingine Bombo, kila kituo kikilipa sehemu ndogo na kila kituo kikiwa na haki ya kukataa. Kubadilishana vipindi wenyewe kwa wenyewe, kwa hiari, ndiko ninakokupenda. Binti Rwenzori, kipindi cha kina mama kingefaa sana hapo, na simu zipokelewe kwa zamu.

Binti Rwenzori

Niko tayari. Ninao wenzangu watatu Kasese na mmoja Fort Portal wanaoweza kurekodi, wote wana uzoefu wa kipindi cha simu. Kiswahili chao kizuri. Tunachokosa ni mtu wa kutuunganishia sauti kutoka vituo viwili bila kukatika.

Fundi wa Lira

Hilo niachieni, dada. Rekodini kwanza kwa simu, mtume faili kamili badala ya kuunganishwa moja kwa moja; intaneti ya wilayani haijatulia kwa mazungumzo ya saa nzima. Simu za wasikilizaji mpokee kila mtu kituoni kwake, dakika ishirini za mwisho, nje ya faili. Na mwenye kituo yeyote anayesoma hapa, hata kama mmeshanunuliwa: mwombeni mnunuzi awaachie pale mtamboni kipaza sauti kimoja na swichi ya kukata mtandao wa Kampala, na mtu mwenye ufunguo anayelala karibu. Vifaa vyake havifiki hata gharama ya tangi moja la dizeli la jenereta. Nitaandika mchoro wake niuweke hapa wikendi.